Mlango Unaofungwa Saa Kumi na Moja: Tathmini ya Huduma za Wanafunzi Chuoni

Tangu Septemba 2023 nimekuwa nikihudhuria masomo ya jioni katika chuo kimoja kilichoko kisiwani Mombasa, huku mchana nikifanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha. Kwenye karatasi ya karo ninayopewa kila mwanzo wa mwaka, chini ya gharama ya mafunzo yenyewe, kuna mistari miwili ambayo wengi wetu huilipia bila kuitazama mara ya pili: ada ya matibabu na ada ya ustawi wa wanafunzi. Tathmini hii inahusu kile tunachopata kwa mistari hiyo miwili, yaani ushauri nasaha, zahanati, dawati la mikopo na basari, ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, ofisi ya mafunzo kazini na maktaba. Hosteli sitazigusa kwa kuwa sijawahi kulala humo. Mimi huvuka feri kila usiku kurudi Likoni. Chuo sikitaji jina, kwanza kwa sababu baadhi ya watumishi nitakaowaeleza watatambulika mara moja, na pili kwa sababu nimezungumza na wenzangu wa vyuo vingine vya hapa mjini nikagundua kwamba habari zao na zangu hazipishani sana.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji asihangaike kuitafuta. Huduma zenyewe, ukishazifikia, ni nzuri kuliko nilivyotarajia, na nyingine ni nzuri mno. Tatizo liko kabla ya kuzifikia: saa ambazo ofisi hufunguliwa, mahali milango ilipowekwa, na yale unayotakiwa kuyaandika na kuyasema hadharani kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Nianze na ushauri nasaha, kwa sababu ndiyo huduma niliyoihitaji zaidi. Baba yangu alifariki katika mwaka wangu wa pili. Baada ya arobaini, jamaa waliporudi makwao na nyumba ikanyamaza, niligundua kwamba naweza kukaa mbele ya daftari saa mbili nzima nisijue nimesoma nini. Mwalimu mmoja wa hesabu za biashara, aliyeona karatasi yangu ya jaribio ikiwa na jina na tarehe peke yake, aliniambia nimwone mshauri. Hiyo ilikuwa Novemba 2024.

Ofisi ya mshauri iko kwenye ghorofa ya chini ya jengo la utawala, katika ukumbi uleule wenye madirisha ya idara ya fedha. Nje ya mlango wake kuna benchi la mbao, na benchi hilo limeelekezwa moja kwa moja kwenye foleni ya wanaosubiri taarifa za karo. Siku za kawaida foleni hiyo huwa na watu kumi au kumi na watano, lakini ile wiki ya kutoa kadi za mtihani, ambapo asiyemaliza karo hapewi kadi na asiye na kadi haingii ukumbini, foleni hujikunja mara mbili hadi kwenye ngazi, na kila aliyemo hana la kufanya isipokuwa kuwatazama waliokaa kwenye benchi. Nilikaa pale dakika ishirini. Nilisalimiwa na wanafunzi wanne ninaowafahamu, na mmoja wao akaniuliza kwa sauti, kwa nia njema kabisa, kama niko salama.

Halafu kuna daftari. Ni lile la kurasa ndefu lenye jalada jeusi, lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ndogo kando ya mlango, na kila anayetaka kumwona mshauri hana budi kulijaza. Limepigwa mistari kwa rula na kugawanywa safu tano: tarehe, jina kamili, namba ya usajili, namba ya simu, na sababu ya kuja. Unapoinama kuandika, unawaona wote waliokutangulia, na wote watakaofuata watakuona wewe. Nilipofika kwenye safu ya mwisho nilinyanyua macho kidogo ili nione wenzangu wameandika nini. Ukurasa mzima, kutoka juu mpaka chini, kwa kalamu za rangi tofauti na miandiko tofauti, ulikuwa na neno moja: masomo. Masomo, masomo, masomo. Mmoja alianza neno jingine lililoanzia na herufi “m” vilevile, akalikata kwa mistari mingi, akaandika masomo pembeni. Nami nikaandika masomo.

Sitaki mtu adhani kwamba ninakuza jambo dogo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na sheria hiyo inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, zinazopaswa kushikwa kwa uangalifu zaidi ya nyingine. Tena wakati ule kulikuwa na sababu nzito zaidi ya mtu kuogopa kuandika ukweli. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ambalo mtu angeweza kufungwa kwa ajili yake hadi miaka miwili, na ni mnamo Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kijana aliyelemewa kiasi hicho, akiletewa daftari la wazi lenye jina lake, namba ya simu yake na safu ya sababu, angeandika nini?

Ndani ya mlango mambo hubadilika. Chumba ni kidogo, kina feni, pazia zito, viti viwili vya plastiki vilivyowekwa kwa mshazari ili watu wasikabiliane kama mahakamani, na saa ya ukutani iliyotundikwa nyuma ya mgeni, ambapo mshauri anaiona bila mgeni kuhisi kwamba anahesabiwa dakika. Mshauri ni mama wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha kabla sijasema lolote akanieleza kanuni yake: nitakayoyasema hayatatoka, hayatafika kwa mwalimu wala kwa mzazi, isipokuwa akiona kwamba uhai wangu au wa mtu mwingine umo hatarini, na hapo pia ataniambia mimi kwanza kabla ya kumwambia mtu yeyote. Baada ya hapo alinyamaza. Nilitarajia mawaidha, kwa sababu msibani nilikuwa nimeyapata mengi na nilikuwa nimeyachoka. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimekula, la pili lilikuwa ni nani nyumbani anayekaa sasa kwenye kiti cha baba. Kwa swali hilo la pili nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilimwona mara tano. Hakunipa dawa wala hakunipa ratiba ya kusoma. Alichofanya ni kuniandikia barua fupi kwa idara, isiyotaja sababu yoyote, iliyoniwezesha kurudia majaribio mawili mwezi uliofuata. Kwa huduma ile ningempa alama zote bila kusita.

Ila mara tano hizo zilinigharimu. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, hufungwa kwa chakula kuanzia saa saba hadi saa nane, na hufungwa kabisa saa kumi na moja jioni. Masomo yetu ya jioni huanza saa kumi na moja na nusu. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa jioni hufika chuoni nusu saa baada ya kila ofisi iliyojengwa kwa ajili yake kufungwa, ingawa ada ya ustawi anayolipa ni ileile ya mwenzake wa mchana hadi shilingi ya mwisho. Mara mbili za kwanza niliomba ruhusa kazini na kukatwa nusu siku. Mara ya tatu mama mshauri aliniuliza mbona naonekana nina haraka, nikamweleza, naye akaamua kunipangia saa kumi na moja, akibaki baada ya wenzake kuondoka. Huo ulikuwa wema wake mwenyewe, haumo katika utaratibu wowote, na nakumbuka jinsi askari wa jengo alivyokuwa akija kugonga funguo mlangoni kwa upole: “Mama, twafunga.” Siku akihamishwa au akistaafu, wema huo utaondoka pamoja naye.

Dawati la mikopo na basari nimelijua kupitia binamu yangu, mtoto wa mamangu mdogo, ambaye tuliingia chuoni mwaka mmoja, yeye akisoma mchana. Walikuwa kundi la kwanza kupokelewa chini ya utaratibu mpya wa ufadhili uliotangazwa na serikali mwaka 2023, ambapo wanafunzi wa shahada walipangwa katika makundi kulingana na uwezo wa familia, na gharama ya masomo ikagawanywa sehemu tatu: udhamini wa serikali usiorudishwa, mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na sehemu ya familia. Nyumbani hakuna aliyeelewa. Mamangu mdogo alidhani kundi ambalo bintiye alipangiwa ni daraja la ufaulu, akawa anawaeleza majirani kwa fahari.

Afisa wa dawati lile ni kijana mtaratibu mwenye kipawa cha kufafanua. Aligeuza bahasha kuukuu, akachora mstari mrefu, akaukata mara mbili, na juu ya kila kipande akaandika kiasi cha shilingi kwa mwaka. Kisha akakizungushia duara kile cha katikati. “Dada, hiki hapa si sadaka,” alimwambia binamu yangu, ambaye amemzidi kwa miaka michache tu. “Hiki ni deni, na lina jina lako.” Akamfahamisha kwamba mkopo huo hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, kwamba malipo hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kwamba anayekaa kimya bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Nimekutana na watu waliohitimu zamani ambao hawakujua habari ya faini mpaka walipokwenda kuomba cheti cha kuthibitisha kwamba hawadaiwi, kile kinachotakiwa na waajiri wengi. Bahasha ile bado iko kwenye droo nyumbani.

Jambo jingine ninalomsifia ni namna anavyolishughulikia suala la riba. Mombasa ni mji ambao familia nyingi za Kiislamu hukataa mkopo wowote wenye riba, na nimeona mahali pengine wanafunzi wa aina hiyo wakijibiwa kwa dharau, kana kwamba wanachagua chagua. Yeye habishani. Huwaelekeza kwenye basari ya mfuko wa maendeleo wa eneobunge na ile ya kaunti, huwaonyesha fomu, na huwatahadharisha mapema kwamba barua ya chifu na nakala za vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo kwa aliyefiwa, ndizo hukwamisha wengi. Kwa wasioweza kufika kwake huwakumbusha kwamba Huduma Centre pale Posta, barabara ya Digo, nako kuna dirisha la HELB. Watu wa Likoni hilo linatufaa kwa sababu matatu za kutoka Feri hupita palepale.

Kasoro ya dawati hili ni kwamba ni mtu mmoja na dirisha moja. Mwanzo wa muhula hugawa namba zilizokatwa kwenye vipande vya karatasi, na asiyefika kabla ya saa moja na nusu asubuhi hapati. Binamu yangu aliwahi kuipoteza nafasi ya basari kwa sababu barua ya kuthibitisha usajili wake, inayotolewa na ofisi iliyoko hatua thelathini kutoka pale, ilichukua siku tisa kutiwa sahihi, na tarehe ya mwisho ikapita ikiwa mezani. Aliyepaswa kuitia sahihi alikuwa semina. Hakuna aliyeomba radhi, na sehemu ile ya familia kwenye bahasha ikabidi ilipwe kwa mchango wa wajomba.

Zahanati ni ndogo, ina vitanda viwili na muuguzi mmoja ambaye hukukaripia kwanza kwa kuchelewa kuja ndipo akutibu. Kipimo cha malaria hupatikana na majibu hutoka upesi. Kinachozidi pale huhamishiwa Hospitali Kuu ya Pwani, na hapo ndipo mwanafunzi hugundua kama amejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, au la, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, na kima cha chini cha mchango kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, nazo hulipwa za mwaka mzima kwa pamoja. Muuguzi huwasajili wanafunzi kwa simu yake mwenyewe wakiwa bado kwenye foleni, kazi ambayo sidhani kama imo katika mkataba wake.

Lakini kitu kilichonivutia zaidi zahanati hakiko kwenye chumba cha matibabu. Kiko msalani. Ukifunga mlango wa choo cha wanawake, na nimeambiwa hata cha wanaume, unakuta bango limebandikwa upande wa ndani, usawa wa macho ya aliyeketi. Limeandikwa kwa Kiswahili chepesi kwamba aliyebakwa asioge kwanza, na afike hospitalini haraka iwezekanavyo, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Chini yake kuna namba mbili za bure: 1195 ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na 1190 ambayo vijana huweza kupiga kwa ushauri. Namba hizo zimeandikwa kwa kalamu nene na zimerudiwa kwenye vipande vidogo vilivyochanwa kama ndevu, mtu anang’oa kimoja na kukitia mfukoni. Nilipotazama mara ya mwisho, vipande vitatu vilikuwa vimeng’olewa. Aliyebuni bango hilo alijiuliza ni mahali gani mwanafunzi anaweza kusoma jambo kama hilo bila kuonekana akilisoma. Natamani angeulizwa pia kuhusu daftari la ghorofa ya chini.

Ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu iko ghorofa ya kwanza. Hapo sina haja ya kuongeza, ila nitaongeza. Lifti haipo. Mwenzangu darasani hutumia kiti cha magurudumu, na kila anapohitaji huduma humpigia afisa simu, afisa akashuka, wakamaliza mambo yao chini ya mwarobaini. Mteremko wa kuingilia jengo umejengwa vizuri kwa saruji, isipokuwa unaishia kwenye ngazi moja ya urefu wa kiganja, na mara nyingi pikipiki huegeshwa mbele yake. Afisa mwenyewe ni hodari: ndiye aliyemfuatilia mwenzangu mpaka akasajiliwa na baraza la taifa la watu wenye ulemavu, na ndiye aliyehakikisha madarasa yetu yote yanahamishiwa chini. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika maeneo yote kwa njia inayofaa. Mwenzangu hukijua kwa moyo, naye hukisoma kwa sauti kila akiikuta pikipiki.

Ofisi ya mafunzo kazini, au atachi kama tunavyoiita sisi wenyewe, hutoa barua ya utambulisho na kitabu cha kumbukumbu za kila siku, basi. Mahali pa kwenda hujitafutia mwenyewe. Katika mji wenye bandari, maghala ya Shimanzi na viwanda vya Changamwe, nilitegemea ofisi iwe angalau na orodha ya kampuni zilizowahi kupokea wanafunzi. Orodha ipo, lakini imebandikwa ukutani na nyingi ya namba zake hazipatikani, nilizijaribu sita.

Maktaba ndiyo peke yake inayotuhesabu sisi wa jioni kuwa wanafunzi. Hubaki wazi hadi saa tatu usiku, taa zinawaka, na mhudumu wa zamu ya usiku anajua kutafuta makala za kielektroniki kuliko walimu wetu wengi. Ramadhani iliyopita, bila tangazo lolote, aliweka birika la maji na tende kwenye meza ya nje ili waliofunga wasilazimike kutoka lango kuu kwenda kufuturu. Ikiwa maktaba inaweza kuweka mtu hadi saa tatu, sioni ni nini kinachozuia mshauri na afisa wa mikopo kupangiwa walau jioni moja kwa wiki hadi saa moja usiku, nao wakafidiwa kwa kuja mchana siku inayofuata.

Hilo ndilo niliandika katika barua yangu kwa ofisi inayosimamia ustawi wa wanafunzi, pamoja na ombi kwamba safu ya tano ya daftari iondolewe na benchi ligeuziwe upande wa bustani. Sanduku la maoni lilikuwa limejaa na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi, kwa hiyo nilikatwa nusu siku nyingine nikaipeleka kwa mkono. Karani aliipokea kwa heshima, akaipiga muhuri, kisha akanisogezea daftari jeusi lililopigwa mistari kwa rula, nami nikaandika tarehe, jina langu kamili, namba ya usajili na namba ya simu. Kwenye safu ya sababu ya kuja nikaandika: daftari.